Mitambo isiyoelewana humtia hasara mkulima wa miwa

KIWANDA cha sukari kinaposimama katikati ya msimu, mkulima huanza kuhesabu saa. Miwa ikishakatwa hupungukiwa sukari, hivyo hutakiwa isagwe ndani ya siku moja au mbili.

Wakati mwingine kinu na boila ni vizima. Tatizo ni mawasiliano kati ya kompyuta ndogo zinazoongoza mitambo hiyo.

Katika mtandao wa Modbus Plus, ulioanzishwa na kampuni ya Modicon ya Marekani, kompyuta hizo huzungumza kwa zamu, mfano wa wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Mwenye kijiti hutuma ujumbe, kisha humpa anayefuata.

Fundi makini hafungui mitambo kwa kubahatisha. Hutazama kwanza taa ndogo ya kila kifaa. Ikiwaka na kuzima mara 6 kwa sekunde, mambo ni shwari. Ikiwaka mara 2 kisha ikatulia, kifaa kinasikia wenzake wakipeana kijiti lakini chenyewe hakipewi. Mara 3, hakisikii mwenzake yeyote, na waya ndio wa kushukiwa kwanza. Mara 4, kuna kifaa kingine chenye namba hiyo hiyo.

Kisha hukagua waya: kipande kimoja kisizidi mita 450 wala vifaa 32, na kila ncha iwe na rezista yake.

Vyama vya wakulima vinapojadili mkataba na kiwanda, ni vyema viulize ukaguzi huo hufanyika lini. Ukifanyika kabla ya msimu, miwa haitakauka kwenye foleni.