Wilikapu Nyingi Kuliko Magurudumu

Dodge Charger nyeusi ina magurudumu manne. Sasa hesabu wilikapu zinazochomoka inapofukuzwa katika mitaa ya San Francisco, kwenye filamu ya Bullitt ya mwaka 1968: zinazidi nne. Mteremkoni, Volkswagen ya kijani yenye umbo la kobe inapitwa, halafu inapitwa tena na tena. Mpito mmoja ulipigwa picha na zaidi ya kamera moja, na mhariri, Frank P. Keller, akautumia kama mipito kadhaa. Kazi hiyo ilimpatia Oscar.

Mbona hatushtuki? Jicho halitazami kwa mfululizo. Huruka kama mara tatu kila sekunde, na katikati ya kila mruko ubongo hufifisha picha, nasi hatuna habari. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Daniel Levin na Daniel Simons, walionyesha filamu fupi ambamo mwigizaji anabadilishwa na mwingine picha inapokatwa. Watazamaji wengi hawakugundua. Kama mtu mzima anaweza kubadilishwa, wilikapu ni nini? Mradi magari yaendelee upande uleule na mngurumo wa injini usikatike, sisi tuko na stelingi wetu. Ndiyo maana muziki wa Lalo Schifrin unanyamaza mbio zinapopamba moto: injini ndiyo gundi.

Hesabu, basi, jicho husamehe. Uzito halisamehe. Filamu huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde. Ukipiga 18 tu, gari la kilomita 60 kwa saa litaonekana linakwenda 80. Ujanja huo ni wa zamani sana, na hujisaliti haraka, kwa kuwa vumbi nalo hutua upesi mno, na gari likiruka hudunda kama boksi tupu. Mvutano wa dunia tumeuzoea tangu tulipojifunza kutembea, hatudanganyiki. Mwongozaji Peter Yates alipiga kwa kasi ya kawaida, magari yakavuka kilomita 170 kwa saa kwelikweli. Mustang ya stelingi, inayoifukuza Charger, inapotua kilimani, springi zinajikunja na bodi inachelewa kuinuka, kama tani moja na nusu ya chuma inavyopaswa kuchelewa.

Mwishoni Charger inaingia kituo cha mafuta na kulipuka. Isimamishe picha hapo uitazame vizuri: gari limezipita pampu bila kuzigusa.