Ardhi ndiyo humchagulia mwendeshaji pikipiki tairi

MVUA ya masika ikinyesha usiku kucha, kazi ya mhudumu wa bodaboda anayetegemea barabara za udongo hubadilika kabla ya macheo. Kilima alichokipanda jana bila wasiwasi leo kimekuwa utelezi mtupu. Pikipiki ni ile ile, abiria ni yule yule na nauli haijapanda. Kilichobadilika ni ardhi iliyo chini ya magurudumu.

Ajali inapotokea katika hali hiyo, lawama huelekezwa kwa mwendo wa kasi, breki au mvua yenyewe. Ni nadra kusikia tairi likitajwa, ilhali pikipiki hugusa barabara kwa sehemu mbili tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Nguvu zote za injini, kazi yote ya breki na uzani wote wa abiria na mizigo hupitia katika viganja hivyo viwili.

Suala hili si la wapenda mashindano pekee. Katika vijiji vingi ambako gari halifiki, bodaboda ndiyo humkimbiza mama mjamzito hospitalini, humpeleka mtoto shuleni na kufikisha maziwa sokoni. Tairi lisilofaa njia linaweza kuikatiza safari kama hiyo mtaroni.

Hata hivyo, waendeshaji wengi hununua tairi kwa kuangalia mambo mawili tu: bei yake, na iwapo linaingia kwenye rimu. Swali la tatu, ambalo ndilo lenye uzito zaidi, halijitokezi: nitapita wapi?

Kanuni ya msingi

Watengenezaji wa matairi ya njia zisizo na lami hufuata kanuni moja ambayo si vigumu kuielewa. Ardhi laini huhitaji meno marefu yaliyoachana. Ardhi ngumu huhitaji meno mafupi yaliyokaribiana.

Sababu ni hii. Kwenye udongo laini, jino la tairi huzama na kuusukuma udongo nyuma mithili ya jembe. Kadiri jino linavyokuwa refu, ndivyo linavyopata mahali pa kushika. Nafasi iliyo baina ya meno nayo ina kazi yake: huruhusu tope lililonata kuruka nje gurudumu linapozunguka. Nafasi hiyo ikiwa finyu, tope hujaa, meno hufunikwa na tairi hugeuka kuwa mviringo laini usioshika chochote.

Kwenye ardhi ngumu, jino haliwezi kuzama. Mshiko hutegemea wingi wa mpira unaogusa uso wa barabara. Meno marefu yakipelekwa huko, hupinda kila breki inapokanyagwa, huifanya pikipiki iyumbe na mwishowe hukatika vipande vipande.

Lipo jambo jingine linalowashangaza wengi. Mpira wenyewe huenda kinyume cha ardhi. Aghalabu tairi la ardhi laini huundwa kwa mpira mgumu, ili meno yasipinde yanapochimba. Tairi la ardhi ngumu huundwa kwa mpira ulio laini zaidi, unaoweza kung'ang'ania jiwe.

Udongo mweusi na udongo mwekundu

Nchini Kenya, kanuni hii hupimwa vikali zaidi na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana katika nyanda za Athi na Kajiado, tambarare za Kano na Mwea. Udongo huu hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na hufura unaponyonya maji. Ukilowa hunata kwenye kila kitu.

Hapa tairi la kawaida la mjini halina nafasi. Linalofaa ni lenye meno marefu yaliyoachana kwa upana. Fauka ya hayo, mwendeshaji hana budi kuangalia nafasi iliyopo kati ya tairi na kikinga matope kilicho juu yake. Pikipiki zilizoundwa kwa njia za porini huwa na kikinga matope kilichoinuliwa juu sana. Nyingi za zile zinazotumika kwa bodaboda hazina nafasi hiyo, na tope likijazana hapo, gurudumu hukwama kana kwamba limefungwa breki. Tairi lolote lile halitakuwa na msaada kabla ya tope hilo kutolewa.

Udongo mwekundu wa nyanda za juu, kama vile Murang'a, Kisii na Kericho, una hila tofauti. Mvua inapoanza, hulowa upande wa juu tu huku chini ukiwa bado mgumu. Utelezi huo mwembamba juu ya sakafu ngumu ndio huangusha wengi, hasa kwenye miteremko. Tairi la wastani, lenye meno ya urefu wa kadiri na kingo kali, hufaa zaidi huko kwa kuwa hupenya utando wa juu na kufikia ardhi ngumu iliyo chini.

Wapo wanaofunga minyororo au kamba kwenye gurudumu la nyuma ili wapande vilima vyenye matope. Mbinu hiyo inaweza kusaidia kwa mwendo wa polepole mno, lakini ina hatari. Mnyororo ukilegea na kunasa kwenye spoki au mnyororo wa pikipiki, gurudumu husimama ghafla. Asiyeweza kuepuka mbinu hiyo na aifungue mara tu anapofika penye ardhi kavu, na asiitumie akiwa na abiria.

Mchanga na mawe

Anayesafiri katika malaga ya Turkana, Marsabit au Garissa hukabiliana na mchanga. Mchanga hauna kitu kigumu cha kushika. Huhama kila unaposukumwa. Ndiyo maana katika mashindano ya jangwani hutumika tairi la nyuma lenye makafi yaliyokingama, linalopiga mchanga kama mvuvi anavyopiga makasia. Tairi la namna hiyo halifai kwa safari za kawaida, kwa kuwa haliwezi kustahimili lami wala mawe. Kwa mwendeshaji wa kila siku, tairi la meno yaliyoachana, lililo na upana unaoruhusiwa na pikipiki yake, latosha.

Mashabiki wa mbio za magari wanakumbuka somo hili. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka wa 1953, yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha, vumbi laini na lenye kina liliwasumbua hata madereva mashuhuri. Magari yenye nguvu nyingi yalizama. Ikiwa hali ni hiyo kwa magurudumu manne, mwenye mawili hana budi kujiandaa.

Mawe nayo huhitaji fikra tofauti. Katika njia za kuelekea Loiyangalani, ambako ardhi imetapakaa mawe meusi ya volkano, adui mkubwa ni makali ya mawe. Meno yaliyokaribiana hugawana uzani na hayang'oki upesi. La muhimu zaidi ni uimara wa kuta za tairi, yaani ubavu wake, kwa sababu jiwe hupasua ubavuni mara nyingi kuliko katikati. Tairi jepesi la bei ya chini, ambalo ubavu wake hubonyea kwa kidole, lisipelekwe huko.

Barabara nyingi za vijijini ni za changarawe iliyoshindiliwa, yenye kokoto zinazoviringika juu yake. Anayepita huko na kumalizia safari yake kwenye lami ahitaji tairi la mchanganyiko. Kosa linalofanywa mara kwa mara ni kununua tairi lenye meno makubwa kwa sababu linapendeza macho, kisha kulitumia mjini. Kwenye lami meno hayo huisha kwa kasi. Lami ikilowa, mpira unaoigusa huwa haba, na pikipiki huchukua umbali mrefu zaidi kusimama.

Kigezo chepesi ni kujiuliza: katika safari kumi ninazofanya, ngapi ni za lami na ngapi ni za udongo? Jibu likiwa nane za lami, nunua tairi la lami lenye mikato ya kutosha, nawe upunguze mwendo kwenye zile mbili za udongo.

Mbele au nyuma?

Si ajabu kumwona mwendeshaji akinunua tairi jipya la nyuma, huku la mbele likiwa limebaki kipara. Hoja yake ni kwamba gurudumu la nyuma ndilo husukuma. Hoja hiyo ina ukweli nusu tu.

Gurudumu la nyuma likiteleza, mwendeshaji mzoefu aweza kulegeza mafuta na kuinyoosha pikipiki. La mbele likiteleza, usukani hupoteza kazi na kuanguka hufuata kufumba na kufumbua. Isitoshe, breki ya mbele ndiyo hufanya kazi kubwa zaidi penye ardhi kavu.

Pikipiki nyingi zinazouzwa nchini huja na tairi la mbele lenye mikato inayolizunguka kama mistari. Mikato hiyo huongoza vyema kwenye lami. Kwenye matope hujaa upesi, na tairi huteleza kando kama ubao. Anayeishi penye matope abadilishe la mbele pia, wala si la nyuma pekee.

Upepo

Tairi zuri lenye upepo usiofaa ni kazi bure. Upepo ukipunguzwa, tairi hutandazika na kugusa ardhi zaidi, jambo linalosaidia kwenye mchanga na matope. Ndiyo sababu waendeshaji wa mashindano ya motokrosi, wakiwa peke yao juu ya pikipiki nyepesi, hutumia kati ya pauni 12 na 14 kwa kila inchi ya mraba.

Mhudumu wa bodaboda asiige kipimo hicho. Akiwa na abiria, tairi lenye upepo mdogo hubanwa kati ya jiwe na rimu, na tyubu hutobolewa matundu mawili kwa mpigo. Pia, tairi huweza kuzunguka peke yake juu ya rimu na kuing'oa vali ya tyubu. Waendeshaji wa mashindano huzuia hayo kwa kufunga kibanio maalumu ndani ya rimu, kifaa ambacho pikipiki ya kawaida haina.

Fuata kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji kwenye kitabu au kibandiko cha pikipiki. Aghalabu cha nyuma huwa juu kuliko cha mbele, na huongezwa kukiwa na abiria. Pima asubuhi kabla ya safari, kwa kuwa tairi likipata joto kipimo hupanda na kukudanganya.

Soma ubavu wa tairi

Kabla ya kutoa pesa, soma maandishi yaliyo ubavuni. Ukiona 3.00-17, maana yake ni upana wa inchi tatu, na rimu ya kipenyo cha inchi 17. Ukiona 90/90-18, upana ni milimita 90, kimo ni asilimia 90 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 18.

Kisha tafuta namba na herufi kama 50P. Namba 50 huonyesha kwamba tairi hilo limeundwa kubeba kilo 190. Herufi P ni kikomo cha mwendo, kilomita 150 kwa saa.

Chukua mfano wa pikipiki ya kilo 115, mwendeshaji wa kilo 70 na abiria mmoja wa kilo 70. Jumla ni kilo 255. Iwapo theluthi mbili za uzani huo zitaangukia nyuma, tairi la nyuma litabeba kilo 170, chini ya kikomo. Ongeza abiria wa pili mwenye uzani huo huo na jumla itakuwa kilo 325; tairi la nyuma litabeba takriban kilo 217. Kikomo kimepitwa kabla hata ya mzigo kufungwa. Sheria inayoruhusu abiria mmoja tu ina hesabu nyuma yake.

Tafuta pia namba nne zinazoonyesha wakati tairi lilipotengenezwa. Kwa mfano, 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka wa 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Hukauka, hupasuka nyufa nyembamba na kupoteza mshiko. Tairi lililokaa juani kwa miaka mingi si jipya, ijapokuwa halijawahi kuguswa na barabara. Ikiwa kuna mshale ubavuni, hakikisha fundi anafunga tairi likizunguka kuelekea unakoonyesha.

Mwisho, usingoje tairi liwe kipara. Ndani ya mikato mna vinundu vidogo. Uso wa tairi ukilingana navyo, muda wake umekwisha. Kwa anayepita kwenye matope, wakati huo ni kuchelewa, kwa kuwa meno hupoteza kazi yake ya kuchimba kabla ya kufikia alama hiyo. Kwa hivyo yafaa kukagua meno kabla ya masika, ambayo huanza mwezi Machi, na kabla ya vuli ya Oktoba.

Ukaguzi huo hauhitaji fundi wala ada. Huhitaji dakika tano, mwanga wa kutosha na mtu aliye tayari kuinama. Abiria naye ana haki ya kutazama magurudumu kabla ya kupanda, na kumwambia mwendeshaji, kwa heshima, kwamba atangoja pikipiki nyingine.