Moyo wa njiti haujatoboka: Tuupe mrija jina lake

NENO 'mshipa' limebebeshwa mizigo mingi mno. Ni njia ya damu, ni neva, na kwa wengine ni ule ugonjwa wa kuvimba korodani. Hebu mfikirie mama wa Kitengela aliyejifungua katika wiki ya 27, kisha anaambiwa ati mtoto ana "shida ya mshipa" au, vibaya zaidi, "tundu kwenye moyo". Papo hapo anatakiwa akubali au akatae dawa. Kule Kajiado, mama anayehitaji kuelezwa kwa Kimaasai atafasiriwa tundu likiwa tundu.

Moyo haujatoboka. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni huipata kwa mama kupitia kondo. Ndiyo maana ana mrija mfupi, nje ya moyo, unaounganisha ateri ya mapafu na ateri kuu ya mwili ili damu nyingi isipitie mapafuni. Aliyetimiza miezi tisa hujifunga mrija huo kwa siku mbili tatu hivi. Kwa njiti (wenzetu wa Tanzania wanalo neno hili, sisi tunazunguka na "mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati") mara nyingi hubaki wazi. Napendekeza tuuite mrija wa kijusi, maana ni mabaki ya maisha ya tumboni.

Ukibaki wazi sana, damu iliyokuwa iende mwilini hurudi mapafuni, na ubongo unaweza kupungukiwa oksijeni. Kipimo cha mguuni hakionyeshi hilo. Kipo kingine kinachobandikwa kwenye paji la uso, hupenyeza mwanga usioonekana kwa macho na kusoma oksijeni ya ubongo. Hapa pia maneno yanahitaji uangalifu: asilimia 65 mguuni ni hatari, lakini kwenye ubongo ni kawaida, kwani kiwango chake huwa kati ya 55 na 85. Mama asiyeelezwa atadhani mwanawe anakata roho.

Dawa zipo: indomethasini, ibuprofeni, hata parasetamoli, zikishindwa, kuna upasuaji. Indomethasini hufunga mrija lakini pia hubana njia za damu za ubongo, jambo ambalo ibuprofeni hailifanyi kwa kiasi hicho. Isitoshe, tafiti mbili kubwa za Ulaya, zilizochapishwa 2023 na 2024, hazikuona faida ya kuwahi kumpa kila njiti mwenye mrija mpana ibuprofeni. Mirija mingi hujifunga yenyewe.

Sasa mwambie mama "tunangoja tu", naye atasikia "tumemtelekeza". Afadhali muuguzi aseme hivi: "Mama, mrija aliokuwa akiutumia tumboni bado haujajifunga. Moyo wake hauna tundu. Tutaupima tena kesho, na tukiona unamlemea tutakueleza dawa kabla ya kumpa."