Injini Mpya Katika Gari Kuukuu

Njia itokayo Mpemba, karibu na Tunduma, hadi Isongole katika wilaya ya Ileje, ina urefu wa takriban kilomita 50. Hupita katika nchi ya vilima na kukaribia mpaka wa Malawi. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa ya udongo, na katika njia za namna hiyo gari lililoaminiwa lilikuwa Land Rover: halikwenda mbio, lakini lilifika. Baada ya Songwe kufanywa mkoa mwaka 2016, njia hiyo imewekwa lami. Nayo lami huleta tamaa mpya. Mwenye Land Rover kuukuu huona magari mengine yakimpita mlimani, akaanza kuulizia injini ya kisasa.

Kazi ya kubadili injini inawezekana, na mafundi wa Afrika Mashariki wameifanya mara nyingi. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba gari ni mnyororo. Pingili zake ni injini, klachi, giaboksi, propela shafti, difu, hafu shafti na magurudumu. Na nyuma ya hizo zote kuna breki. Anayebadili pingili moja hana budi kuzipima nyingine zote. Makala haya yaeleza vipimo hivyo kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya mwenyewe.

Injini mbili

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Toleo lake la tatu lilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Injini ya dizeli ya toleo hilo ilikuwa na ujazo wa lita 2.25, na ilitoa nguvu farasi zipatazo 62. Kani yake ya mzunguko, yaani uwezo wa kusokota shafti, haikuzidi sana newtoni-mita 140. Newtoni-mita moja ni msokoto unaopatikana mtu anaposukuma spana yenye urefu wa mita moja kwa kani ya newtoni moja.

Mwaka 1989 kiwanda hicho hicho kilitoa injini ya dizeli iitwayo 200Tdi, yenye ujazo wa lita 2.5. Ile iliyofungwa katika Land Rover aina ya Defender ilitoa nguvu farasi 107 na kani ya mzunguko ya newtoni-mita 255 hivi. Mafundi wa nchi nyingi huipenda kwa kazi hii kwa sababu ni ya ukoo mmoja na ile ya zamani: mahali inapoungana na giaboksi, matundu ya boliti hulingana. Injini ya ukoo mwingine huhitaji bamba la chuma la kuunganishia, nalo lazima lichongwe kwa uangalifu mkubwa. Kama mhimili wa injini na mhimili wa giaboksi havikukaa katika mstari mmoja, klachi na beringi zitakufa mapema.

Siri ya 200Tdi ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, ambayo mafundi huiita tabo. Faida yake huonekana zaidi katika nyanda za juu. Kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo. Katika kimo cha mita 1,500, ile injini ya nguvu farasi 62 hubakiwa na 53 tu. Tabo hushindilia hewa ndani ya silinda na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Mwendo hutoka kwenye gia

Wengi hudhani kwamba injini yenye nguvu hulifanya gari liwe na mbio papo hapo. Sivyo. Mwendo huamuliwa na uwiano wa gia. Katika Land Rover ya toleo la tatu, gia ya nne hupitisha mzunguko bila kuubadili. Giaboksi ndogo ya pili hugawanya kwa 1.15, na difu hugawanya kwa 4.7. Ukizidisha 1.15 kwa 4.7 unapata 5.4. Yaani injini huzunguka mara 5.4 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 555. Tairi la 7.50-16 husogea takriban mita 2.45 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo gari huenda mita 1,360 kwa dakika, yaani kilomita 82 kwa saa. Hesabu hii haibadiliki hata injini ikiwa mpya. Tofauti ni kwamba injini mpya huweza kuudumisha mwendo huo mlimani, pale ambapo ile ya zamani ingelazimika kurudi gia ya tatu, na hata ya pili.

Ndiyo maana baadhi ya mafundi hubadili na difu. Katika Land Rover fupi yenye ekseli za aina moja mbele na nyuma, hufungwa difu za Range Rover zenye uwiano wa 3.54. Hapo mizunguko 3,000 ya injini hutoa kilomita 108 kwa saa. Kani inayofika kwenye magurudumu hupungua kwa robo, lakini robo tatu ya 255 ni 191, ambayo bado inaizidi 140 ya zamani. Sharti moja halina msamaha: difu ya mbele na ya nyuma ziwe na uwiano mmoja. La sivyo, gari likiwekwa katika mwendo wa magurudumu manne, ekseli zitashindana na kuvunjana.

Pingili iliyo dhaifu

Sasa tuangalie gia ya kwanza. Uwiano wake ni takriban 3.7. Giaboksi ndogo ikiwekwa katika gia nzito hugawanya kwa 2.35, na difu kwa 4.7. Jumla ya uwiano ni 41 hivi. Newtoni-mita 140 za injini ya zamani huwa 5,700 kwenye ekseli. 255 za injini mpya huwa zaidi ya 10,000. Mchangani gurudumu litateleza kabla ya msokoto huo kufikiwa. Lakini katika mlima wa mawe, gari likiwa limesheheni magunia ya mahindi, tairi hushika, na chuma kilichopimwa kwa mzigo wa nusu hiyo ndicho kinachokatika. Mara nyingi huwa ni hafu shafti.

Kwa sababu hiyo wengine huweka pia giaboksi ya kisasa yenye gia tano. Nayo ina masharti yake. Ikiwa ndefu kuliko ya zamani, huenda ikalazimu kukata na kuchomelea upya mhimili wa kati wa chasisi, na propela shafti ya nyuma kufupishwa, ya mbele kurefushwa. Krosi za propela zikikaa katika pembe zisizolingana, shafti huzunguka kwa mwendo wa kupanda na kushuka, na gari lote hutetemeka. Tena, difu za Land Rover ya zamani ziko upande wa kulia. Giaboksi inayotoa mzunguko upande mwingine haiwezi kufaa.

Joto na breki

Katika kila lita tatu za dizeli zinazoungua, takriban moja tu hugeuka kuwa kazi. Zilizobaki huwa joto, ambalo sehemu yake hutoka na moshi na sehemu yake huingia katika maji. Injini yenye nguvu zaidi huhitaji rejeta kubwa zaidi, na ile yenye tabo huhitaji pia kipoozeo cha hewa.

Hatari kubwa, hata hivyo, imo katika kushuka. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa lina nishati karibu mara mbili ya lile linalokwenda 80. Tuseme gari la kilo 2,000 linashuka kimo cha mita 100 kwa mwendo usiobadilika. Nishati inayopotea ni jouli milioni mbili, joto la kutosha kuchemsha lita sita za maji baridi. Sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika breki, na breki za Land Rover ya zamani ni za dramu, ambazo hupoa polepole. Zikipata moto kupita kiasi, mshiko wake hufifia. Difu za 3.54 huzidisha mashaka hayo, kwa kuwa injini inayozunguka polepole hulizuia gari kwa udhaifu zaidi.

Kuna mtego mwingine uliofichika. Baadhi ya magari ya petroli husaidiwa breki na mvuto wa hewa utokao katika injini. Injini ya dizeli haina mvuto huo, bali hutumia pampu yake maalumu. Fundi akiiacha pampu hiyo sakafuni, dereva atagundua kwamba pedali imekuwa ngumu kama jiwe, na huenda akagundua mteremkoni. Kwa hiyo basi, kanuni ya fundi mwenye busara ni hii: breki kwanza, injini baadaye.

Sheria nayo isisahauliwe. Namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari, hivyo mabadiliko hayana budi kuarifiwa Mamlaka ya Mapato, nalo gari liwe katika hali inayotakiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

Jaribio la shuleni

Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi uwiano wa difu bila kufungua boliti hata moja. Zima injini, weka gia huru, zuia magurudumu matatu kwa magogo, na uinue gurudumu moja la nyuma juu ya stendi imara. Katika Land Rover ya zamani breki ya mkono hushika propela shafti, wala si magurudumu. Kwa hiyo iachiwe, na magogo yawe ya kutegemewa. Chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, kisha izungushe propela kwa mkono ukihesabu.

Wanafunzi watashangaa kuona kwamba gurudumu limezunguka mara mbili kwa mizunguko 4.7 ya propela, wala si mara moja. Waulizwe sababu. Watakaotambua kwamba gurudumu lililozuiliwa limempa mwenzake mzunguko wake, watakuwa wameielewa kazi ya difu. Na siku watakapoombwa ushauri na mwenye gari kuukuu, wataanza na kalamu na karatasi kabla ya kushika spana.