Kabla mjomba auze shamba uende majuu, soma hii

Wiki tatu zilizopita binamu yangu alinipigia simu saa tano usiku. Hata salamu hakumaliza. "Brathe, nimepata ajenti wa Ujerumani. Anataka laki mbili unusu ya kushughulikia faili. Mzee amepata mtu wa kununua robo ekari."

Robo ekari yenyewe iko Kimilili, na ndiyo iliyobaki barabarani. Nyingine ililipa karo yetu ya sekondari, mimi na yeye.

Sikumkataza. Ningekuwa mnafiki, kwa sababu mimi mwenyewe nimesoma huko. Nilikaa miaka miwili na nusu katika mji mdogo mashariki mwa Ujerumani nikifanya shahada ya uzamili ya uhandisi wa nishati, kisha nikarudi Nairobi. Nilimwambia tu asiguse shamba hadi tuongee. Hapa naandika niliyomwambia, maana najua hayuko peke yake. Kila ukifungua simu kuna kijana amesimama kwenye theluji na koti jipya, na chini yake maswali mia moja ya "bro, nisaidie nami nitoke".

Picha ya theluji haikuambii faida iko wapi. Kwangu mimi ilianzia maabarani. Katika shahada yangu ya kwanza tulikuwa karibu themanini tukizunguka mtambo mmoja, na aliyekuwa mfupi aliona kisogo cha mwenzake. Unanakili matokeo ya aliyekuwa mbele, unaandika ripoti, maisha yanaendelea. Kule tulikuwa watatu kwa mtambo. Wiki ya kwanza nilisimama nikingoja fundi aje awashe. Hakuja mtu. Mwenzangu kutoka India akaniangalia, nikamwangalia, tukafungua kijitabu cha maelekezo. Siku hiyo tuliunguza fyuzi mbili na hakuna aliyetufokea. Kazi ninayofanya leo ya kupima betri za sola ilianzia kwenye fyuzi hizo, si kwenye cheti.

Jambo la pili ni uhuru, na huu usiuchukulie poa. Mihadhara mingi hakuna anayeita majina. Unaweza kulala muhula mzima na mwalimu asijue. Lakini mtihani ukifika, uko peke yako. Katika vyuo vingi ukifeli somo la lazima mara tatu, unafukuzwa kwenye kozi hiyo, na kwa kawaida huruhusiwi kuisoma tena katika chuo kingine cha umma Ujerumani. Nimeona watu werevu wakimalizwa na sheria hiyo. Kwa upande mwingine, ndiyo iliyonifundisha kupanga wiki yangu bila mama, bila kiranja, bila mtu wa kunisukuma.

Mama naye alinichekesha. Nilimtumia matokeo ya muhula wa kwanza: 1.3. Akanyamaza siku nzima, kisha akanitumia mistari ya Biblia ya kumfariji mtu aliyeshindwa. Ilibidi nimweleze kwamba kule 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 5.0 ndiyo kufeli. Alasiri hiyo kijiji kizima kilijua.

Sasa tuongee pesa, kwa sababu hapo ndipo maajenti wanapotukamata. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo hata kwa sisi wa kutoka nje. Unalipa mchango wa muhula tu, na mara nyingi unakuja na tiketi ya basi na treni. Kuna isipokuwa: jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na vyuo vya kibinafsi ni habari nyingine kabisa.

Kinachouma ni ile akaunti maalum ya visa. Tangu Septemba 2024 inatakiwa iwe na euro 11,904 kwa mwaka. Ukipiga kwa Sh150 kwa euro, hiyo ni karibu Sh1.8 milioni. Binamu aliposikia alinyamaza. Lakini kuna jambo ambalo ajenti wake hakumwambia: hiyo si karo. Ni pesa zako. Ukifika unarudishiwa euro 992 kila mwezi za kula na kulipa nyumba, na visa ikikataliwa unaweza kuomba urudishiwe. Ile laki mbili unusu ya ajenti ndiyo isiyorudi. Halafu kuna njia ya kutuma maombi mwenyewe. Vyuo vingi hupokea kupitia uni-assist, ambako ombi la kwanza ni euro 75 na kila chuo cha ziada muhula huo ni euro 30. DAAD wana ofisi Nairobi, na kwenye tovuti yao kuna orodha ya kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza. Kuisoma ni bure.

Sisemi maajenti wote ni wezi. Nasema tuliona wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana Eldoret mwaka 2023, baada ya kulipia watoto wao masomo ya Finland na Canada na safari zikakwama. Kuna waliokuwa wameuza mali. Mtu akikuambia ulipe leo kwa sababu nafasi zinaisha kesho, shika mfuko wako.

Na hata ukifika, usidhani utalipia kila kitu kwa vibarua. Sheria inaruhusu mwanafunzi wa kutoka nje siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, au nusu siku 280. Mimi nilipanga maboksi ghalani usiku, mgongo ukalia, na muhula huo alama zikashuka. Desemba saa kumi na moja jioni kiza kishatanda, Jumapili maduka yamefungwa, na jirani anagonga ukuta ukicheka kwa sauti saa nne usiku. Kuna Jumapili niliongea na kettle.

Faida ambayo sikuitarajia kabisa ilikuwa Kiswahili. Jikoni kwetu bwenini tulikuwa Mkenya mmoja, Mkongo wa Bukavu na dada wa Bujumbura, na lugha yetu ya kukaanga vitunguu ikawa Kiswahili. Nyumbani nilikuwa nakichukulia kama cha mtihani na matatu. Kisha siku moja akaja msichana Mjerumani aliyekisomea Bayreuth. Nikasema "hii kitabu". Akatabasamu kwa adabu: "Hiki kitabu?" Mkongo alicheka hadi akashika meza. Aibu ile ndiyo iliyonirudisha kusoma lugha yangu vizuri, na ndiyo maana leo unasoma makala haya.

Wenzetu walilijua jambo hili zamani. Ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya iliondoka 1959 na wanafunzi 81 kwenda Marekani, wengi wakichangiwa na vijiji vyao. Mwaka uliofuata Wangari Maathai akaenda Kansas kusomea biolojia, baadaye akafanya utafiti Ujerumani, na shahada ya uzamifu akaipatia hapa Nairobi mwaka 1971. Hakuwa na ajenti. Alikuwa na somo alilolijua vizuri kabla ya kupanda ndege.

Hilo ndilo nililomuuliza binamu mwishowe: unaenda kusoma nini? Alijibu, "Chochote chenye visa." Tulikaa kimya kidogo. Ana shahada ya sayansi ya maji, na alama zake si mbaya. Ukimaliza masomo, Ujerumani inakupa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi ya taaluma yako, lakini kwanza lazima uwe na taaluma unayoitaka, si visa tu.

Mjomba hakufurahi. Mnunuzi alikuwa na pesa taslimu na ajenti alikuwa akipiga simu kila siku. Lakini shamba bado lipo. Binamu amepata kazi ya mkataba katika mradi wa maji, anaweka akiba, na anatafuta ufadhili wa masomo ya maji. Amejiunga na darasa la Kijerumani Jumamosi asubuhi.

Juzi alinipigia tena, saa tano usiku kama kawaida yake, akilia kwamba Kijerumani kina jinsia tatu za maneno na hakuna anayeweza kuzikariri. Nikamwuliza Kiswahili kina ngeli ngapi. Akakata simu.