FARASI WA MBIO NDEFU HUPIMWA. NA PUNDA WAKO JE?



Hapa Chamwino mvua ni za msimu mmoja. Zikiisha, visima vingi vya karibu hukauka. Ndipo punda anapotusaidia kufuata maji mbali. Hubeba pia kuni na magunia ya mtama. Je, kabla ya safari humtazama kama ni mzima?

Wako watu wanaoshindanisha farasi katika mbio ndefu sana. Mbio hizo hufanyika Marekani, Ulaya, Oman na nchi nyingine. Zile kubwa ni za kilomita 160 kwa siku moja. Huo ni zaidi ya nusu ya mwendo wa kutoka Dodoma hadi Morogoro. Tuzitazame sheria zao. Zina somo kwetu.

MASHARTI YA KUINGIA

Farasi mchanga haruhusiwi. Katika mbio za kimataifa za kilomita 160, ni lazima awe ametimiza miaka 8. Farasi jike mwenye mimba ya zaidi ya miezi 4 haruhusiwi. Anayenyonyesha pia haruhusiwi.

Farasi awe na cheti chake, na awe amechanjwa. Mpanda farasi avae kofia ngumu. Fimbo ya kumchapia farasi ni marufuku.

Kabla ya mbio, daktari wa mifugo humkagua farasi. Hutazama kama anachechemea, au kama ana vidonda mgongoni.

WAKATI WA MBIO

Njia hugawanywa vipande. Hakuna kipande kinachozidi kilomita 40. Mwisho wa kila kipande farasi hunyweshwa maji na kupozwa mwili. Kisha daktari huhesabu mapigo ya moyo. Kwa kawaida yasizidi 64 kwa dakika. Huangalia pia kama mwili umekauka maji, na kama tumbo linafanya kazi. Farasi akishindwa ukaguzi, mbio zake zimekwisha. Akifaulu, hupumzishwa kwanza, ndipo aendelee.

Je, anayefika wa kwanza ndiye mshindi? La, bado. Farasi wake atakaguliwa tena. Akionekana anachechemea, ushindi hakuna. Mshindi ni yule aliyefika mapema na mnyama wake akiwa mzima.

SOMO KWETU

Ndugu mfugaji, punda wako hashindani na mtu. Lakini yeye huenda safari kila siku. Mfanyie haya:

1. Usimbebeshe punda mzigo mzito kabla hajatimiza miaka 4.

2. Usizidishe mzigo. Madumu 2 ya lita 20 ni kilo 40. Hayo yanamtosha punda wetu mdogo. Madumu 4 ni kilo 80. Hayo ni mengi mno.

3. Kabla ya kumpakia, mpapase mgongo. Inua kila mguu utazame kwato. Mtembeze hatua chache. Akichechemea, au akiwa na kidonda, siku hiyo apumzike.

4. Weka tandiko laini na safi chini ya mzigo. Kamba tupu humchubua.

5. Punda akivuta mkokoteni, usimfunge nira ya ng'ombe. Nguvu zake ziko kifuani. Mtengenezee mkanda mpana wa kifuani.

6. Mkifika kisimani, anywe naye. Mpumzishe kivulini kabla ya kurudi.

7. Usimpige. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

8. Punda jike mwenye mimba kubwa asibebe mizigo.

Punda akiwa na kidonda kisichopona, au akikataa kula, mwite Bwana Mifugo mapema. Usingoje aanguke.

Tena kumbuka kwamba punda si wa kupatikana kwa urahisi kama zamani. Ngozi zake zimetafutwa sana kwa kutengeneza dawa huko China, na punda wengi wa Afrika wamechinjwa. Mwezi Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara hiyo.

Punda akifa, nani atachota maji? Mara nyingi ni mama na watoto, kwa vichwa vyao. Mtoto naye atachelewa shule.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kufunga madumu, mpapase punda wako mgongo, kisha inua miguu yake. Ni kazi ya dakika chache tu.