Embe Zinaoza Chini ya Miti: Namna ya Kukausha Matunda na Mboga Nyumbani



Hakuna katika sisi asiyejua kuanika. Mtoto wa shamba hujua kugeuza karafuu jamvini kabla hajamaliza juzuu yake ya kwanza chuoni, na akisikia ngurumo huacha mchezo akakimbilia majamvi. Walakin ujuzi huu tumeuweka kwa karafuu, na kidogo kwa nazi na samaki wa ng'onda. Ikifika Desemba na Januari embe huanguka usiku kucha. Asubuhi huokotwa za kuliwa siku ile, na zilizobaki huwa karamu ya nzi. Miezi mitatu baadaye masika yameshika, fedha za karafuu zimekwisha kwenye madeni na sare za skuli, na mama wa nyumba hurudi sokoni na kikapu chepesi. Na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, maana sote twajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, mambo huwa mazito zaidi.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Makopa ya muhogo, mbirimbi kavu za kutia mchuzini, vipande vya embe mbichi vilivyoanikwa kwa chumvi, vyote hivi vilikuwamo majumbani. Tende tulizoletewa na majahazi ya kaskazi zilikuwa nini kama si matunda yaliyokaushwa na jua la Arabuni?

Kukausha ni kutoa maji. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 ya karafuu kavu. Embe ina maji mengi zaidi: katika kilo 10 za nyama ya embe, zaidi ya kilo 8 ni maji, na mchicha hukaribia kilo 9. Maji yakitoka, ukungu na vijidudu vya uozo hukosa nafasi ya kukua. Lakini vijidudu hivyo havifi vyote. Vingine hulala tu, na baadaye nitaeleza kwa nini jambo hili lafaa kukumbukwa.

Tuanze na embe. Chagua zilizoiva lakini bado ngumu kidogo, zisizo na nyuzi nyingi. Dodo na boribo zafaa sana. Zioshe, zimenye, uzikate vipande vya unene wa nusu sentimita, vyote sawa, kwani vinene vitabaki vibichi ndani na vyembamba vitakuwa kama magome. Vichovye katika maji yaliyokamuliwa ndimu ili visigeuke rangi. Kisha vipange juu ya ungo au chanja bila ya kupandana, uviinue kwenye uchaga mbali na kuku na vumbi, na juu utandaze kipande cha chandarua safi. Jioni viingize ndani kabla umande haujaanguka. Katika jua la kaskazi siku tatu au nne hutosha. Mawingu yakizidi usianze kabisa, maana embe iliyokatwa haingoji kesho.

Hapa niseme la kwangu. Mara ya kwanza nilipojaribu, niliona jamvi la karafuu liko tupu, nikasema nitafute ungo wa nini? Nikapanga embe zangu humo. Zilikauka vizuri, rangi yake ya kupendeza, lakini zilinuka karafuu mpaka watoto wakazikataa wakisema nimewapa dawa ya jino. Hasara haikuishia hapo. Sukari ya embe ilibaki katika ukili, sisimizi wakahamia, na jamvi lile sikuweza tena kulitumia kwa karafuu. Karafuu ndiyo inayotulisha, na haipasi kuchafuliwa kwa sababu ya embe. Basi kila kitu kiwe na chombo chake.

Majani yana taratibu nyingine. Mchicha, matembele na majani ya kunde huchambuliwa, yakaoshwa, kisha yakachovywa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yakaepuliwa na kutandazwa. Kuyachovya huko hudumu rangi na ladha. Kisamvu kwanza kitwangwe na kuchemshwa barabara kama desturi, ndipo kianikwe. Na majani yote haya yaanikwe kivulini penye upepo, si juani. Jua kali huharibu vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto, na jani lililochomwa na jua siku mbili hubaki kama nyasi, rangi yake na faida yake pamoja. Bamia na nyanya zikatwe. Nyanya hutaka jua na chumvi kidogo.

Utajuaje kuwa kitu kimekauka? Karafuu kavu huivunja kwa vidole ikatoa sauti. Majani na bamia nazo zivunjike hivyo hivyo. Embe haivunjiki, huwa kama ngozi laini, ukiikunja haishikamani na ukiibinya haitoi unyevu.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hulikosea. Usitie chomboni kitu kikiwa bado na moto wa jua, kwa kuwa kitatoa jasho. Kiache kipoe, kisha ukitie katika chupa ya kioo yenye kifuniko, ujaze kiasi cha robo tatu. Kwa muda wa wiki moja itikise chupa kila siku na uitazame. Ukiona ukungu wa maji upande wa ndani, toa vyote urudie kuanika. Wiki ikipita salama, weka chupa mahali pa giza na baridi. Vipande vyote vikiwa katika debe moja, unyevu wa kimoja huharibu vyote. Chupa ndogo ndogo ni bora.

Kikiota kuvu, kitupe. Usikikwangue, usikioshe, wala usimpe kuku. Wako wasemao kuwa moto huua kila kitu, lakini sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini haiondoki kwa mapishi yetu ya kawaida. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mahindi, karanga na makopa ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na masika ya visiwani kwetu yana unyevu wa kutosha kuharibu chochote kilichokaushwa nusu nusu. Tena juu ya makopa: muhogo mchungu haufai kumenywa na kuanikwa tu. Jua peke yake haliondoi sumu yake yote. Hapana budi kuurowekwa kwanza siku kadhaa mpaka ulainike. Asiyejua mbegu yake amuulize Bwana Shamba.

Kurudisha maji ni kazi nyepesi. Kikombe kimoja cha mboga kavu hutaka vikombe viwili vya maji ya moto, ukavifunika nusu saa, kisha ukapika katika maji yale yale, kwani baadhi ya faida imekwisha ingia humo. Chumvi, ndimu na ukwaju vitiwe mwisho. Vikitangulia huzuia mboga kunywa maji. Embe kavu huliwa kama ilivyo, au hurowekwa saa moja ikapikwa kwa tui na iliki. Na hapa ndipo wale vijidudu waliolala huamka. Mboga iliyorowekwa ni kama mbichi, basi usiiache mezani usiku kucha katika joto letu. Roweka ya kupikwa leo.

Kwa atakayeanza msimu huu, asianze na gunia zima. Embe kumi, ungo mmoja, chupa mbili zenye vifuniko, na karatasi ya kuandika tarehe ya kutia chupani. Zifunguliwe Aprili, mvua ikiwa imeshika.